UZI: Malipo ya kadi yakiandika "imekubaliwa", soma na majibu mengine mawili kabla hujatoa huduma

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi nashughulikia mahesabu ya malipo ya kampuni ndogo za utalii hapa Kampala, zile zenye ofisi ya chumba kimoja na magari ya kukodi. Kuna wizi unaozimaliza kampuni hizi na wenyewe wanaona aibu kuusema, kwa hiyo nausema mimi.

Unakuja hivi. Mtu anaandika barua pepe, anasema yuko Marekani, anataka vibali vinne vya kwenda kuwaona gorila Bwindi. Kibali kimoja kwa mgeni asiye mkazi ni dola 800, kwa hiyo vibali tu ni dola 3,200 kabla hujagusa hoteli na gari. Anatumiwa kiungo cha malipo, anajaza kadi, inaandika imekubaliwa. Ofisi inashangilia, vibali vinakatwa kwa majina na tarehe. Siku chache baadaye anaandika tena: wawili wameugua, naomba sehemu yao irudi, lakini kadi ile nimeshaifunga, nitumieni kwenye akaunti hii. Wanatuma. Mwezi wa pili au wa tatu benki inachukua malipo yote, maana mwenye kadi halisi ameona kwenye taarifa yake pesa asiyoijua na ameikana. Hicho ndicho watu wa kadi wanakiita chajibaki. Kampuni inabaki na vibali visivyo na wageni, pesa iliyotuma imekwenda, na ada ambayo benki inatoza kwa shauri hilo inailipa yenyewe.

Nilifungua kumbukumbu za kampuni moja iliyopigwa hivyo. Kwenye mstari wa yale malipo kulikuwa na majibu matatu. Imekubaliwa. CVV: M. AVS: N. Ile N ilikuwepo tangu siku ya kwanza, lakini karani hakuwahi kuelezwa na mtu kwamba inasomwa.

Basi tuisome. "Imekubaliwa" inatoka kwa benki iliyotoa kadi. Maana yake kadi iko hai, haijaripotiwa kuibiwa, na pesa ipo. Haisemi nani kaishika. CVV ni zile tarakimu tatu za nyuma ya Visa na Mastercard. Kwa American Express ni nne na ziko mbele. M ni kwamba zimelingana, N hazikulingana, P hazikuhakikiwa.

AVS ni uhakiki wa anwani. Benki inalinganisha anwani aliyoijaza mlipaji na ile iliyoandikishwa kwenye kadi. Na hailinganishi maneno, inalinganisha namba: ya nyumba na ya posta. Mtu wa Chicago anayekaa nyumba 1420, posta 60614, benki inatazama 1420 na 60614. Jina la mtaa hata akilikosea hakuna neno. Y ni vyote vimelingana, A ni namba ya nyumba tu, Z ni posta tu, N ni hakuna kilicholingana, U ni taarifa haipatikani, G ni benki ya nje ya Marekani isiyoshiriki.

Sasa shikeni hili kuliko yote: benki inaweza kukubali malipo na papo hapo ikakuletea N ya anwani. Haikatai kwa niaba yako. Inakupa jibu, uamuzi ni wako mwenye biashara. Ukitoa huduma bila kulisoma, hasara ni yako.

KijanaKikuubo

Asante sana Nalongo. Mimi nauza simu na spika, wateja wa Instagram wanalipa kwa kiungo. Swali: hapo CVV ilikuwa M. Si maana yake mtu alikuwa na kadi mkononi? Tarakimu zile hazipo popote ila kwenye kadi yenyewe.

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Ndivyo zilivyokusudiwa, mwanangu. Mfanyabiashara haruhusiwi kuzihifadhi baada ya malipo kupitishwa, hata akizifungia kwa msimbo wa siri. Kanuni za PCI DSS, zinazombana kila anayepokea kadi, zinakataza kabisa. Ndiyo maana ukilipia filamu za kila mwezi, siku ya kujiunga unaulizwa CVV na miezi inayofuata huulizwi: hawanayo. Faida yake ni kwamba mwizi akivunja kumbukumbu za duka anapata namba za kadi na tarehe za mwisho, lakini zile tatu hazikuti.

Ila kuna njia za kuzipata bila kuvunja kumbukumbu za mtu. Ya kwanza ni macho. Nenda mgahawa wowote wa Kabalagala usiku wa Ijumaa, uone mhudumu anavyochukua kadi ya mteja na kuingia nayo ndani, eti mashine haishiki mtandao huku nje. Wengi wao ni waaminifu na mashine kweli haishiki. Lakini kadi imelala kaunta, na picha ya mbele na ya nyuma haichukui muda. Namba, tarehe, jina, CVV, vyote viko humo. Mwambie alete mashine au nyanyuka umfuate.

Ya pili ni kuzinyakua wakati mteja anaziandika. Kwenye shirika la ndege la British Airways, mwaka 2018, wezi walipachika vijisimbo vyao kwenye ukurasa wa malipo, kila mteja alichoandika kikawa kinakwenda kwao pia. Majina, anwani, namba za kadi na CVV viliondoka pamoja. Mwaka 2020 mamlaka ya data ya Uingereza iliwatoza faini ya pauni milioni 20. Tazama hapo: anwani iliondoka pamoja na CVV. Mwizi mwenye furushi kama hilo atakupa M na atakupa Y.

Kwa hiyo M maana yake mlipaji anazijua tarakimu zile, iwe ameiona kadi au amezipata kwa njia nyingine. Si zaidi ya hapo.

FundiNtinda

Naongezea upande wa mitambo, natengeneza kurasa za malipo.

CVV haitungwi tu. Benki inaikokotoa kutoka namba ya kadi, tarehe ya mwisho na namba ya aina ya huduma, kwa ufunguo wa siri inaoushika yenyewe. Ukiwa na namba ya kadi peke yake huwezi kuipigia hesabu. Tena mstari mweusi wa sumaku una namba yake ya uhakiki na chipu ina yake, zote tofauti na iliyochapwa nyuma. Ndiyo maana anayebandika kifaa kwenye mdomo wa ATM na kunakili sumaku bado anakwama kwenye duka la mtandaoni linalouliza CVV.

Lakini tarakimu tatu ni 000 hadi 999, nafasi elfu moja tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza walionyesha mwaka 2016 kwamba ukitawanya majaribio kwenye maduka mengi, kila duka machache, kadi za Visa wakati ule zilikisiwa bila mtu kustuka, wakati mtandao wa Mastercard uliona. Tarehe ya mwisho ndiyo rahisi zaidi: kadi ikiishi miaka mitano, miezi ni 60, basi.

Kijana wa Kikuubo, hili linakuhusu wewe. Ukurasa usio na kikomo cha majaribio ndio wanaoutafuta. Ukiona usiku wa manane malipo ya dola moja moja yanafuatana, mengi yamerudi CVV N, hao si wateja. Wanatumia duka lako kujaribia kadi za wizi, halafu wataenda kununua kwingine. Weka kikomo kwa kila kadi na kila anwani ya intaneti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya lango lako la malipo, yaani ule mfumo unaokupokelea kadi mtandaoni, utafute sehemu ya kufuta malipo yenyewe CVV ikirudi N. Usidhani imewashwa, iangalie kwa macho yako.

KijanaKikuubo

Kaka nimeiona. Chini yake kuna nyingine ya AVS, inasema ikatae chochote kisicho Y. Niwashe zote mbili?

FundiNtinda

Ya CVV washa. Ya AVS mwache Nalongo akujibu.

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Usiiwashe! Utawafukuza wateja wako wote wa hapa.

Uhakiki wa anwani ulijengwa Marekani, na unafanya kazi Marekani, Kanada na Uingereza. Kwa kadi za benki zetu haupo. Na ungekuwepo ungelinganisha nini? Kwenye fomu ya benki uliandika sanduku la posta la mwajiri ambaye umeshaacha kazi kwake. Barua haiji mlangoni. Ukimwelekeza mtu nyumbani unamwambia shuka steji ya Kiwatule, pita kinyozi, uliza geti la kijani, na ukifika ndipo unapiga simu. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, imekuwa ikiweka majina ya barabara na namba za nyumba sehemu za jiji, nami nafurahi sana kuziona, lakini hizo bado si anwani zilizofungwa kwenye kadi zetu.

Kwa hiyo kadi ya Uganda ikilipa kwako, AVS itarudi U au G au S, yaani "sina jibu". Ukiamuru lango likatae kila kisicho Y, umemfungia mlango mteja wa Ntinda mwenye pesa yake halali, na umempitisha mwizi mwenye furushi kamili la Chicago. Fanya hivi: N kutoka kadi ya Marekani, Kanada au Uingereza ichukue kama onyo. U au G kutoka kadi ya hapa usiipe uzito wowote, si onyo wala si sifa. Nchi ya kadi inajulikana kwa tarakimu zake za mwanzo, lango litakuonyesha.

Hajati_Mbale

Mwenyezi Mungu akubariki Nalongo, sasa nimeelewa kitu. Nilikwenda kumtembelea binti yangu Boston, pampu ya petroli ikataka namba ya posta. Nikajaza ya nyumba yake, ikakataa. Nikaingia dukani kwao, nikachomeka kadi ile ile, ikapita. Binti akadhani benki yetu mbovu.

Na mtandaoni, penye nafasi ya namba ya posta, mimi huandika 00256, ndivyo tunavyofundishana wote. Kuna ubaya?

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Hajati, benki haikuwa mbovu, pampu iliuliza swali ambalo kadi yetu haina jibu lake.

00256 haina ubaya, hakuna anayeiangalia upande wetu. Ila duka likikukatalia, usibadilishe anwani mara tatu mara nne kwa kadi ile ile. Hivyo ndivyo wafanyavyo wezi, na mfumo utakufungia wewe. Tafuta njia nyingine ya kulipa.

Mwalimu_Arua

Nimesoma yote kwa makini. Swali langu ni la mwenye kadi, si la mwenye duka. Kama anwani kwetu imenyamaza, na CVV inaweza kupigwa picha mgahawani, kadi yangu inalindwa na nini?

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Inalindwa na ile namba inayoingia kwenye simu yako, Mwalimu, ndiyo maana nataka niiseme polepole.

Mfumo unaitwa 3-D Secure. Visa wanauita Visa Secure, Mastercard wanauita Identity Check. Ukishajaza kadi, duka linakupeleka kwa benki yako, na benki inakutumia namba ya matumizi ya mara moja au inakuomba uthibitishe kwenye programu yake. Hapo kwa mara ya kwanza swali linakuwa lile tulilolitaka: je, ni wewe? Mwenye biashara naye ananufaika. Malipo yaliyopita huko, mwenye kadi akija kuyakana kwamba si yeye aliyelipa, kwa kawaida hasara inabaki kwa benki iliyotoa kadi. M na Y hazikupi kinga hiyo hata zikija pamoja. Kampuni za utalii, ikiwa lango lenu linayo 3-D Secure na hamjaiwasha, iwasheni leo. Msishangae Mmarekani akisema hakuulizwa namba yoyote. Toleo la sasa linairuhusu benki kumpitisha mtu kimya kimya ikiona kifaa chake na mwenendo wake ni wa kawaida.

Sasa Mwalimu, kwa sababu kwetu anwani haijibu, uzito wote umehamia kwenye laini yako ya simu. Mwizi mwenye picha ya kadi amebakiza hatua moja tu. Ama aihamishie laini yako kwenye simu yake, ama akupigie. Wengi wanapiga. "Ssebo (bwana), nakupigia kutoka benki, kuna mtu anajaribu kutoa laki nane kwenye akaunti yako, nimemzuia. Nisomee namba sita zilizoingia sasa hivi tumfunge." Sauti ina adabu, jina lako analo, tarakimu nne za mwisho za kadi anazo, kwa hiyo unaamini. Na namba kweli zimeingia, tena kutoka benki yako, kwa sababu yeye mwenyewe yuko kwenye ukurasa wa malipo anasubiri. Ukizisoma umelipa.

Mfanyakazi wa benki hahitaji namba hizo kuzuia chochote. Kata simu. Soma ujumbe wote, usiishie kwenye tarakimu. Mara nyingi ndani yake kuna jina la duka na kiasi. Kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, ufunge kadi.

Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla, huku mwenzako wa kampuni hiyo hiyo aliyekaa karibu nawe anao, usingoje hadi kesho. Azima simu, funga kadi kwanza, halafu ndipo uende kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako cha taifa.

Mwalimu_Arua

Nimekuelewa vizuri. Nitawasomea walimu wenzangu kesho chumba cha walimu, kuna mmoja alipigiwa simu ya namna hiyo hiyo.

Safari_Kabale

Nalongo nakuheshimu, lakini sikubaliani na sehemu moja. Mimi napokea wageni hapa Kabale. Tukianza kuwatilia shaka wote wenye N tutakufa njaa. Wamarekani wanahama nyumba kila mara. Mwanafunzi analipa kwa kadi ya baba yake aliyeko jimbo lingine. Mwingine analipa kwa kadi ya ofisi na anajaza anwani ya nyumbani. Nimepokea wageni wenye N, wakaja, wakapanda mlima, wakarudi kwao, na pesa ikakaa.

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Ni kweli kabisa kaka, na nashukuru umelisema. N siyo hukumu. Sikatai wageni kwa N peke yake, wala kampuni ninazozihudumia hazikatai. Tunachokataa ni kukata kibali saa ile ile.

Mwandikie mgeni: anwani uliyojaza hailingani na ya kadi, tafadhali lipa tena ukitumia anwani ambako taarifa zako za kadi hufika. Mgeni wa kweli anaomba radhi, anajaza ya nyumba yake ya zamani, inarudi Y, mmemaliza. Mwizi anakasirika, au anakuletea kadi nyingine, halafu nyingine yenye jina lingine. Hiyo ya kadi mbili tatu mfululizo naiogopa kuliko N.

Tazama pia mambo yaliyo nje ya kadi. Mgeni wa Bwindi kwa kawaida ana maswali: mvua ikoje, njia ni ndefu kiasi gani, mama yangu ana miaka 68 ataweza? Mwizi haulizi hata moja. Anauliza nitalipa lini na mtathibitisha lini. Na mara nyingi hajali bei.

Kuhusu pesa kukaa, kumbuka mwenye kadi kwa kawaida ana hadi siku 120 za kuyakana malipo. Wageni wako walikuja kwa miguu yao, kwa hiyo hao hawana shida. Anayetisha ni yule anayeahirisha safari na kutaka sehemu ya pesa. Kwake sheria ni moja isiyo na huruma: pesa inarudi kwenye kadi ile ile iliyolipa, kupitia lango lile lile. Kadi imefungwa? Irudishe huko huko, benki yake inajua la kuifanya. Akikataa hilo, umeshamjua.

Safari_Kabale

Hapo kwenye kurudisha nimekubali bila mjadala. Na hiyo barua ya kujaza tena anwani naiweka tayari kwenye kompyuta ya ofisi.

Mpakani_Busia

Habari wadau. Sisi huku mpakani tuna nyumba ya wageni, hatuna ukurasa wa malipo. Mteja akitaka kushika chumba anatutumia picha ya kadi mbele na nyuma kwa WhatsApp, tunaingiza namba kwenye mashine kwa mkono. Miaka yote tunafanya hivyo. Kuna shida?

FundiNtinda

Shida kubwa, ndugu. CVV ya mteja sasa iko kwenye simu ya mapokezi, kwenye simu yake mwenyewe, na kwenye nakala ya picha inayojihifadhi mtandaoni bila nyinyi kujua. Kijana wa zamu akiacha kazi anaondoka na kadi za wateja wa mwaka mzima. Hiyo ndiyo hifadhi inayokatazwa na PCI DSS. Malipo ya kuingiza kwa mkono vilevile hayapiti 3-D Secure, kwa hiyo mteja akiyakana mnabeba nyinyi.

Nalongo_Mahesabu (Kampala)

Ndugu wa Busia, nendeni benki yenu mkaombe kiungo cha malipo. Hakihitaji tovuti, mnamtumia mteja kwa WhatsApp hiyo hiyo, anajaza mwenyewe, nyinyi hamuoni namba yake. Kabla ya hapo futeni zile picha zote, na kwenye kapu la takataka la simu pia, na kwenye nakala za mtandaoni. Mkikwama kwenye fomu ya benki niandikie hapa hapa, nitawasaidia kuijaza.